Benchi la Mama Kamili

Kitu cha kwanza nilichofanya nilipoingia katika ofisi ya usafiri ya kile kiwanda cha kuchambua pamba, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, ni kuamuru benchi litolewe nje. Nasema niliamuru, maana siku hizo kuomba nilikuwa sijakujua. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, cheti kutoka Bulgaria, kompyuta moja kwenye maboksi matatu, na katika maisha yangu yote hakuna aliyewahi kuniambia usoni kwamba mimi ni mjinga. Hilo la mwisho lilikuwa pengo kubwa katika elimu yangu.

Benchi lenyewe lilikuwa la mninga, refu, limesuguliwa na suruali za madereva hadi likang'aa. Lilikaa chini ya dirisha, mkabala na meza ya karani wa usafiri. Kila dereva aliyerudi kutoka vijijini aliingia na vumbi lake lote, akaketi, akapewa kikombe cha uji, akazungumza mpaka roho yake ikatulia. Mimi nikaona vumbi tu. Kompyuta na vumbi havipikiki chungu kimoja, nikasema, na vibarua wawili wakalibeba benchi hadi nyuma ya ghala la mbegu. Mahali pake nikaweka meza ya mtambo. Madereva wakaambiwa kuanzia siku hiyo watapokea karatasi zao dirishani, wakiwa nje.

Karani aliinua kichwa. Aliwatazama vibarua wakitoka, kisha akaendelea kuandika.

Hiyo ilikuwa Oktoba ya mwaka themanini na saba. Kazi niliyotumwa kufanya ilikuwa rahisi, kwa maneno ya bosi wangu. Kiwanda kilikuwa kinakusanya pamba kutoka vijiji sitini na kitu. Kila asubuhi makatibu wa vyama vya msingi vya ushirika walipiga redio ya upepo kusema wana magunia mangapi ghalani, na karani wa usafiri akaamua lori lipi liende wapi. Malori yalikuwa sita, na dizeli ilikuwa ya mgao. Meneja wa kiwanda, Bwana Stanslaus, alikuwa amekwenda Dar es Salaam kwenye mkutano, akauona mtambo wa kampuni yetu ya kompyuta katika kiwanda cha soda ukipanga safari za magari: unaingiza idadi na umbali, unabonyeza, karatasi inatoka imeandikwa nani aende wapi. Wa karibu na mwenye mzigo mkubwa anatangulia. Bwana Stanslaus akapenda papo hapo. Bosi wangu, Bwana Fikirini, ambaye angeweza kukuuzia kivuli chako mwenyewe ukashukuru, hakumuuliza anahitaji nini. Alimuuliza anautaka lini.

Nami nikaichukua programu ya soda, nikabadilisha neno kreti likawa gunia, na duka likawa kijiji. Ilinichukua siku tatu, na nilijiona bingwa. Mahali pamoja nilipasahau. Chini ya kila karatasi mtambo ulichapa maneno "Tafadhali rudisha chupa tupu", na madereva wakayasoma kwa sauti pale dirishani siku ya kwanza, wakacheka mpaka nikafunga pazia.

Karani aliitwa Mektilda, lakini kiwanda kizima kilimwita Mama Kamili, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Alikuwa mtu wa Ushirombo, mnene kidogo, mwenye rozari kwenye droo na miwani iliyofungwa kwa uzi. Meza ile alikuwa ameikalia miaka kumi na saba. Kabla ya hapo, alipokuwa msichana, alifanya kazi ndani ya banda la mashine za kuchambulia, mahali ambapo manyoya ya pamba yanaruka hewani kutwa nzima, na kifua chake kikaharibika. Daktari alimwambia akirudi mle hatamaliza miaka miwili. Hata ofisini, akipanda ngazi tatu tu, ulisikia pumzi yake ikipiga filimbi.

Nayajua haya kwa sababu siku ya pili, nikitafuta orodha ya vijiji kwenye kabati, nilifungua faili la watumishi kwa makosa. Juu kabisa kulikuwa na barua ya meneja. Ilisema kwamba siku mtambo utakapopokelewa rasmi, ofisi ya usafiri haitahitaji tena karani, na Bi. Mektilda atahamishiwa banda la kuchambulia. Pembeni palikuwa na mwandiko wa Mama Kamili mwenyewe, safi kama wa mwanafunzi wa masista: "Imepokelewa. Imewekwa jaladani." Nakala ilikuwa imeletwa kwake aitunze, naye akaitoboa tundu mbili, akaitunza.

Na kupokelewa rasmi maana yake ilikuwa mimi. Kulikuwa na fomu mkobani mwangu yenye mistari minne. Nikiisaini kwamba mtambo unafanya kazi, kisha meneja akatia muhuri, basi Mama Kamili anarudi kwenye manyoya. Nilirudisha faili kabatini nikajiambia kwamba hayo ni mambo ya utawala, hayanihusu. Najionea haya mpaka leo, lakini ndivyo nilivyojiambia.

Juma la kwanza mtambo ulifanya kazi bila kukohoa. Kisha kijiji cha Mwashikamba kikapiga redio kusema kina magunia mia sita. Hakikuwa mbali, kwa hiyo karatasi ikatoka: malori yote sita, Mwashikamba. Jioni mawili yakarudi yamejaa, na manne yakarudi matupu. Ghala la Mwashikamba lilikuwa na magunia mia mbili na kumi. Dizeli ya siku mbili ilikuwa imeungua kwa ajili ya kubeba hewa.

Bwana Stanslaus aliwagombeza madereva. Mimi nikasema, kwa ule utulivu wa wataalamu unaoudhi, kwamba mtambo haukukosea. Ukilishwa takwimu mbovu utatoa safari mbovu. Nilipobaki na Mama Kamili peke yetu nikamuuliza kama alijua.

"Katibu wa Mwashikamba akisema mia sita, ana mia mbili," alisema. "Anaongeza ili aletewe lori kabla ya wenzake. Kila mtu anajua."

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Uliniomba orodha ya vijiji, baba, nikakupa. Hukuuliza kingine."

Alisema bila ukali, na hapo ndipo paliponiuma. Watu wazima husema kuuliza si ujinga, nami nilikuwa nimesoma miaka mitano Ulaya nikarudi bila kujua kuuliza. Hata hivyo kiburi hakitoki kwa siku moja. Nilijitetea moyoni kwamba Mwashikamba ni kijiji kimoja tu kati ya sitini.

Siku tatu baadaye, upande wa ziwani, mawingu yalianza kusimama. Mama Kamili aliyatazama asubuhi kutoka mlangoni, kisha akaja kwenye meza yangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaniuliza Mwalukuba itafikiwa lini. Nikatazama. Mwalukuba: kilomita sitini na nane, magunia mia moja na ishirini. Mbali, mzigo mdogo. Mtambo ulikuwa umeiweka mwisho wa orodha, siku kumi na mbili mbele.

"Siku kumi na mbili ni nyingi," akasema, akavuta kiti akaketi. Pumzi ikapiga filimbi. Akanieleza polepole, kama anayemfundisha mtoto kuhesabu. Katibu wa Mwalukuba ni mzee Jilala. Mzee Jilala hasemi mavuno yote kabla hayajaondoka nyumbani. Kwao kutangaza mali iliyo bado ghalani ni kuiita balaa, na redio ya upepo inasikika wilaya nzima. Akisema mia moja na ishirini, zidisha kwa nne. Tena kati ya Mwalukuba na barabara kuu kuna mbuga ya udongo mweusi, kilomita kumi na moja. Ikinyesha mara moja, lori haliingii wala halitoki mpaka Juni. Maghala ya kule yana paa la nyasi. Pamba ya kijiji kizima itaoza watu wakiitazama.

Niliona aibu kali, maana jambo la mbuga sikupaswa kufundishwa. Mimi ni mzaliwa wa Kahama. Baba yangu alikuwa na duka na lori moja, na mwaka fulani alilala siku tisa mbugani na shehena ya chumvi, akarudi amekonda mpaka mama akalia. Nilikuwa nimelijua tope lile kabla ya kujua kusoma. Lakini kwenye programu niliandika umbali tu, kama vile Usukuma wote umewekwa lami, kwa sababu kiwanda cha soda hakikuwa na mbuga.

Nikamuuliza habari hizi za makatibu anazipata wapi. Akatazama mahali benchi lilipokuwa, kisha akanitazama mimi.

Sikungoja vibarua. Nilikwenda mwenyewe nyuma ya ghala la mbegu, nikamwita dereva mmoja aitwaye Donatus, tukalibeba. Lilikuwa zito kuliko lilivyoonekana. Nikalirudisha chini ya dirisha na kuisogeza meza ya mtambo kwenye kona, nikaufunika mtambo kwa kanga ya Mama Kamili. Uji ukapikwa. Madereva waliingia mmoja mmoja wakiwa na mashaka, kama watu walioalikwa na mkwe aliyewahi kuwafukuza. Nikakaa nao. Kabla kikombe cha pili hakijaisha nilikuwa nimejua daraja gani limeliwa na mchwa, katibu gani mgonjwa na mwanawe ndiye anayepiga redio kwa kubahatisha, na kijiji gani kilikwisha kupeleka pamba yake kwingine lakini kinaona haya kusema. Donatus aliapa kwamba Mwalukuba wamejaza mpaka madarasa ya shule, na watoto wanasomea nje.

Nikaenda kwa Bwana Stanslaus. Nikamwomba malori matano yaende Mwalukuba kesho alfajiri. Akaniuliza karatasi ya mtambo inasemaje. Nikasema inasema siku kumi na mbili. Akavua miwani akaniuliza kama kiwanda kimenunua mtambo ili kiusikilize au kiupambe. Akaongeza kwamba Bwana Fikirini amempigia simu: fomu isainiwe Ijumaa, maana kiwanda kingine kinataka kuja kuona. Hakuwa mtu mbaya Bwana Stanslaus. Miaka yote alikuwa amelaumiwa kwa pamba iliyooza, na sasa alikuwa amepata kitu kisicho na ndugu wala kijiji, akakishika kwa mikono miwili.

Basi nikafanya jambo ambalo hakuna chuo kinacholifundisha. Nilirudi ofisini, nikakaa na Mama Kamili, nikafungua orodha. Kijiji baada ya kijiji, nilimsomea walichosema redioni, naye akaniambia kilichopo. Mia tatu, andika mia. Themanini, huyo mkweli, mwache. Penye mbuga mbele yake nikapunguza umbali kwa uongo, nikauambia mtambo kwamba ni karibu kuliko pote. Mwalukuba tukaandika mia nne na themanini. Nikabonyeza. Printa ikalia, karatasi ikatoka: malori matano, Mwalukuba, alfajiri. Tafadhali rudisha chupa tupu.

Bwana Stanslaus akaisoma na kuisaini bila swali. Karatasi ilikuwa ile ile na wino ule ule, na ndiyo aliyoiamini.

Nilipanda na Donatus. Sikulala usingizi wowote njiani. Kama ghala la mzee Jilala lingekuwa na magunia mia moja na ishirini, basi nimechoma dizeli ya mwisho ya juma, nimemdanganya mteja, na mwanamke mmoja anarudi bandani kwa kosa langu kabla hata sijasaini. Mbuga tuliivuka saa tatu asubuhi. Ilikuwa kavu, imepasuka nyufa za kuingia mguu.

Mzee Jilala alitupokea amevaa koti, akahesabu malori kwa macho, uso ukabadilika. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, kisha akauliza kwa sauti ndogo nani aliyetuambia tulete matano. Nikasema Mama Kamili. Akatikisa kichwa, akasema yule mama ana masikio, akatoa funguo. Madarasa mawili yalikuwa yamejaa hadi dirishani. Kijiji kizima kikapakia, wanaume kwa wanawake, na mwalimu mkuu akiwa juu ya lori la tatu amevua shati. Magunia yalikuwa mia nne tisini na moja.

Tone la kwanza lilipiga kioo tukiwa katikati ya mbuga, tukirudi. Donatus alibadilisha gia tu, na mimi nikaanza kusoma dua zote nilizofundishwa madrasa. Udongo ulianza kushika magurudumu, lori likatikisa mkia, likanyooka. La mwisho lilitoka mbugani likiwa limevaa tope mpaka milangoni, na nyuma yetu mvua ikashuka yote kwa pamoja, mbuga isionekane tena. Tulisimama barabarani madereva wakashuka wakapeana mikono kama watu waliotoka msibani. Nililia. Donatus akajifanya anakagua tairi.

Kesho yake Bwana Stanslaus aliingia ofisini kwetu akiwa na furaha ya arusi. Alipiga kompyuta kofi la mgongoni kama ng'ombe aliyeshinda maonyesho. Alisema alijua tangu mwanzo kwamba mashine haidanganyi, na akaiweka fomu mbele yangu na kalamu juu yake.

Nikaitazama ile fomu. Mstari wa kwanza ulisema: "Mahitaji ya mteja yameelezwa na", na hapo, kule Dar es Salaam, nilikuwa nimeshaandika jina la Bwana Stanslaus kwa taipureta. Mama Kamili alikuwa mezani kwake, ameinamisha kichwa, akitoboa karatasi.

"Bwana Meneja," nikasema, "mashine ilidanganywa. Nilidanganya mimi. Takwimu zote zilizotuma malori Mwalukuba alinipa Mama Kamili kutoka kichwani mwake. Mashine yangu ilisema siku kumi na mbili. Tungeisikiliza, leo pamba ile ingekuwa maji. Siwezi kusaini kwamba inafanya kazi ikiwa anayeijulisha cha kufanya anapelekwa bandani."

Nilikuwa nimeshaanza kuwaza nauli ya treni na uso wa Bwana Fikirini. Bwana Stanslaus alikaa, na kwa kuwa kiti hakikuwepo karibu, alikaa kwenye benchi. Akaipapasa ile mbao kwa kiganja. Baadaye sana aliniambia kwamba miaka sita ya umeneja hakuwahi kulikalia.

"Mama Kamili," akasema, "hii mashine ikibaki, wewe unahitaji nini?"

Alifikiri. Akasema benchi libaki. Akasema kuzidisha na kujumlisha safari za malori sita jioni kunamuua macho, na hilo mashine ilifanye, inalijua kuliko yeye. Akasema kwenye orodha pawepo nafasi ya pili kando ya walichosema redioni, ya kuandika alichosikia kwa madereva, na nyingine ya mbuga. Kisha akainuka, akaenda kabatini, akafungua faili la watumishi, akachomoa barua yake, akaiweka kwenye goti la meneja. Nilisikia pumzi yake chumba kizima.

Bwana Stanslaus aliisoma kama vile haikuandikwa na yeye. Akaikunja mara mbili, mara nne, akaitia mfuko wa shati.

Kuandika programu upya kulinichukua majuma matano. Bwana Fikirini alipiga simu kila Jumatatu akitaka kujua kama nimeoa Shinyanga. Nilimweleza kwamba sasa tuna kitu ambacho hata kiwanda cha soda kitakihitaji, na nadhani hilo ndilo lililoniokoa. Programu mpya, kabla ya kupanga safari yoyote, ilisimama na kuuliza swali moja kwenye kioo: "Benchi linasemaje?" Bila jibu haikuendelea. Mama Kamili alijifunza kuchapa kwa kidole kimoja, na madereva walizoea kusubiri na vikombe mkononi huku akitafuta herufi. Chini ya karatasi niliyaacha yale maneno ya chupa tupu, kwa sababu Donatus alisema yakitolewa hatazipokea karatasi zangu.

Siku ya kusaini ilikuwa mwishoni mwa Novemba, mvua ikipiga mabati. Nilikuwa nimepiga chapa fomu mpya. Kwenye mstari wa kwanza nikaacha nafasi wazi, nikamsogezea Mama Kamili. Alivaa miwani yake ya uzi. Alisoma mistari yote minne, kisha akarudi kwenye ule wa kwanza akausoma tena, midomo ikicheza. Akaandika jina lake kamili, Mektilda, na la baba yake, na la ukoo, polepole, yakajaa mstari wote. Mimi nikasaini chini yake, na Bwana Stanslaus akagonga muhuri.

Mama Kamili akaipulizia wino ukauke, akaitoboa tundu mbili kama kawaida yake, akauliza nakala hii aiweke faili gani. Bwana Stanslaus alijibu akiwa mlangoni, bila kugeuka, kwamba aiweke pale ilipokuwa ile barua.